Akiba ya Kitambaa

Mwaka juzi, wiki ya upepo wa Julai,
vumbi la Majengo likipapasa mabati ya kibanda changu,
nilijipima kwa tepu ileile ninayowapimia wateja.
Kiuno: arobaini na nne.
Nikaandika daftarini, chini ya sketi ya mwalimu Sechelela,
bila jina,
kama mteja ambaye hajatoa hata kianzio.

Sechelela mwenyewe alikuwa na haraka.
Harusi ya kaka yake ilibaki wiki tano.
Akaapa: wali basi, ugali basi, nyama basi,
maji ya limao asubuhi, tango mchana, usiku maombi.
Nikambana gauni inchi tatu. Alipendeza, sisemi uongo.
Baada ya Pasaka akarudi nifumue.
Krismasi nibane.
Pasaka nyingine nifumue.
Gauni lilelile, mshono uleule,
hadi sindano ikawa haipati pa kushika,
kitambaa kimetoboka kama chujio la chai.

Mimi nilianza na sukari.
Vijiko vitatu vikawa viwili na nusu.
Ndiyo, na nusu. Mbeleje muuza chai alicheka
akataka kujua hiyo nusu namlipaje.

Chapati za Mama Ndahani sikuziacha.
Ningeziachaje, na jiko lake linapumulia dirishani kwangu?
Ila zamani nilikula tatu nikiwa nashona,
mguu kwenye pedali, jicho kwenye pindo,
nikishtukia sahani tupu nadhani nimeibiwa.
Sasa nazima cherehani.
Nakaa. Nachana. Natafuna ile kingo iliyoungua kidogo.
Mbili zinatosha, kwa sababu nimekuwepo zikiliwa.

Ugali wa uwele uko palepale,
na mlenda wa karanga, ule unaovutika
kutoka bakulini hadi kidevuni.
Nilichobadili ni upawa: nilikuwa napakua mara mbili,
sasa mara moja, mlenda ndio mara mbili.
Jumamosi, mbuzi wa Nkuhungu, mbavu chache,
na mfupa naunyonya mpaka upige filimbi.

Jioni pikipiki inanishusha relini,
njia iliyobaki natembea.
Ile mia tano nadondosha kwenye kopo la vifungo.

Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hakuna aliyenifundisha
kwamba ndivyo kibaba kinavyopungua pia.

Agosti: arobaini na nne.
Septemba: arobaini na nne. Nikaipima tepu yenyewe kwa rula.
Oktoba: nusu inchi imeondoka bila kuaga.
Desemba ilirudi, na pilau mkononi.
Sikuifuta. Nikaandika tu, kalamu ya bluu,
nikaenda kulala.
Februari kulikuwa na msiba wa mjomba Veyula,
siku tisa za maandazi na vilio,
sikupima.
Machi, zabibu zikiwa tele sokoni,
nilirudi kwenye daftari: arobaini na tatu.
Hata mume wangu hakuona.
Magoti yaliona. Ngazi za kanisa ziliona.

Julai hii, upepo uleule.
Arobaini kasoro robo.
Wanauliza, fundi, unatumia dawa gani?
Nawaambia, ya miaka miwili.
Wanadhani nawaficha.

Leo nimetoa gauni langu la kitenge, lile la njano,
nikampa Lechipya, binti anayejifunza kwangu.
Akalipitisha mshono mpya, mstari umenyooka,
kisha akashika mkasi:
"Hiki kilichozidi nikate, mama?"

Usikate. Kunja.
Lala nacho kwa ndani, kisionekane.
Mwili si wa kukomolewa,
na gauni lisiloachiwa akiba
lina hofu kila ukiinua mkono.

Akakunja.
Dirishani moshi, mafuta yakaanza kuchacharika.
Nikazima cherehani,
nikamwita akae,
ile chapati ya pili
tukaichana katikati.