Upande wa Pili wa Karatasi

Nta haimpendi mtu mwenye hamaki.
Ukiizidishia moto, inatoa moshi na kukufukuza chumbani;
ukiipunguzia, inaganda kwenye brashi kama uji wa jana.
Nyuzi tisini, basi. Nimeandika kwa chaki ukutani,
juu ya jiko la umeme
ambalo dada yangu Pepca anadhani bado napikia supu.

Nta ni ya Zdravko, wa nyumba za juu mlimani.
Huniuzia mabonge yenye miguu ya nyuki ndani yake.
Hasemi bei; hulitazama paa langu linavyovuja, kisha hutaja nusu.
Wengine hufuata nyuki wakala asali.
Mimi nimefuata nyuki nikapata gundi.
Naichanganya na sandarusi, sehemu nane kwa moja,
nachuja kwa soksi kuukuu,
na chumba kizima kinanukia kanisa na mzinga.

Karatasi natengeneza mwenyewe.
Mashuka ya marehemu mama, yaliyochakaa katikati tu,
pale miili ilipolala,
niliyakatakata, nikayaloweka, nikayaponda
mpaka yakasahau kuwa yalikuwa mashuka.
Napaka wino kwenye bamba la jelatini,
nalaza lesi, nafunika karatasi, nasugua kwa kiganja,
nabandua.

Idrija nzima husuka lesi. Vidole vyangu havikuweza kamwe:
vijiti viligongana mikononi mwangu kama meno ya mwenye baridi.
Kwa hiyo mimi naichapa.
Pepca aliponikuta natia wino wa buluu kwenye kola ya mama
hakusema nami tangu Pasaka hadi viazi vilipochimbwa.

Jana karatasi ziliniishia.
Nikachukua zile nyembamba za mama, ganda la kitunguu,
alizochorea ruwaza, zenye vitundu elfu vya sindano.
Nikachapa moja. Nikailaza juu ya ubao.
Nikapitisha nta, mkono mmoja, bila kurudia,
kisha nikaipuliza hewa ya moto ili tabaka lishikane na tabaka.

Kila mwenye kazi hii analijua jambo hili:
karatasi ikishakunywa nta, haifichi tena.
Weupe unatoweka. Cha nyuma kinakuja mbele.

Kikaja. Penseli. Mwandiko wa mama, kinyumenyume.
Nikaleta kioo cha bafuni.

*Daktari: mita nne. Amepokea mbili.
Ni kwa ajili ya mdogo, kifua.
Mume asijue.*

Mdogo ni mimi.
Baba alikuwa mgodini, kwenye zebaki,
mikono ikimtetemeka hata akishikiwa kikombe.
Alikuwa akisema hajawahi kudaiwa na mtu duniani,
akiipiga meza, na meza ikitetemeka naye.

Mita nne. Nilimwona mama akisuka:
jioni nzima, na hupati urefu wa kidole gumba.
Nikaanza kuzihesabu jioni. Nikaacha.

Ningeweza kuongeza nta. Tabaka tatu, tabaka nne,
na maneno yangezama kama jani chini ya barafu.
Nikashika brashi. Tone likaanguka sakafuni, likawa kifungo.

Nikampigia Pepca.
Alikuja na theluji kwenye viatu, akasimama mlangoni,
akasema chumba kinanuka.
Akasoma kwenye kioo. Akasoma tena, midomo ikichezacheza.
Kisha akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Zile mbili zilizobaki nilisuka mimi," alisema,
akiniambia mimi, au kioo.
"Nilikuwa na miaka tisa. Sikuambiwa ni za nani.
Niliambiwa tu nisilale."

Jiko lilikuwa likiguguma. Sikupata la kusema;
nilizima, nikawasha tena.

Aliinama juu ya ubao, miwani ikaingia ukungu.
"Usiyafunike," akasema. Na baadaye kidogo:
"Nipe hiyo brashi. Hapa pembeni
umeacha kiputo."