Kilo Kumi na Nne

Mizani ya Geert Oldenhuis haina huruma:
sahani nne za chuma, moja chini ya kila gurudumu,
na kisanduku chenye tarakimu za kijani.
Kila Juni tunaiazima,
tunamlipa kwa jibini
na kwa kuvumilia hadithi zake.

Trekta letu ni jekundu, kuukuu, limekondeshwa makusudi.
Kibanda tulikikata. Madigadi tumebakiza vipande.
Hata kiti ni cha plastiki, kiti cha boti ya mtu.
Sheria ni moja: tani tatu na nusu,
chuma, mafuta, maji ya rejeta
na dereva juu yake.
Unachopunguza huku unaruhusiwa kukirudisha kule,
na elimu yote ya mchezo huu
imo ndani ya neno hilo, kule.

Ukiweka mbele mno, matairi ya nyuma yanapekua kama kuku,
yanajichimbia shimo lao wenyewe.
Ukiweka nyuma mno, pua inapaa,
dereva anaona mawingu ya Groningen badala ya njia.
Mwaka juzi, mita ya arobaini na moja,
kaka yangu Wubbo alisimama angani kama jogoo juu ya paa
na kibendera chekundu kikainuliwa.

Ninachotaka mimi ni kidogo:
magurudumu ya mbele yaachane na ardhi
upana wa kiganja, basi,
yabaki hapo yakielea.
Maana kitelezi tunachokivuta ni mdai mwenye subira.
Kinaanza na mzigo wa adabu,
kisha kila mita sanduku lake linapanda reli, linakuja,
riba juu ya riba,
mpaka umepiga magoti.

Jumamosi Wubbo alipanda kitini, akavaa helmeti.
Tarakimu zikacheza, zikatulia:
elfu tatu mia nne themanini na sita.
Nikamwambia ashuke, apande tena.
Zikarudia.
Daftari la mwaka jana, mwandiko wangu mwenyewe:
elfu tatu mia tano kamili.
Vyuma vilevile. Mafuta kwenye alama ileile.

Majira yote ya baridi tulikuwa tukiita hospitali "mjini"
na ugonjwa "lile jambo".
Mama alitoboa mikanda yake matundu mapya, usiku,
kwa msumari, bila kuulizwa.
Sasa Geert alitazama kisanduku, halafu buti zake,
na kwa mara ya kwanza hakuwa na hadithi.

Nikachukua kipande cha risasi, kilo kumi na nne,
nikapiga magoti nikifunge chini ya kiti,
palepale zilipokuwa zimepungua.

"Hilje," akasema kutoka juu,
"usinizike hapo.
Huko nyuma nilikuwa nakaa tu.
Peleka mbele, zikafanye kazi."

Nikapeleka mbele, mwisho kabisa wa reli,
mahali ambapo kilo moja
hunena kwa sauti ya mbili.
Ikabidi kile chuma cha ishirini na tano
nikirudishe hadi tundu la tatu,
pua isije ikalala.
Tulibishana kuhusu tundu la nne. Nilishinda.

Jioni ya mashindano nililala kifudifudi kando ya kamba,
shavu kwenye nyasi.
Sikutazama moshi, wala nguzo za umbali.
Nilitazama mwanga
chini ya magurudumu ya mbele.
Ulifunguka, mwembamba, kama mlango wa chumba cha mgonjwa
unaoachwa wazi kidogo ili mtu asikike akipumua.
Ulitetemeka.
Haukupanuka. Haukufungwa.

Mita ngapi, muulizeni Geert, keshaifanya hadithi.
Mimi daftarini niliandika tu:
kilo kumi na nne, mbele, kwa sasa.
Bolti mbili. Hakuna kuchomelea.
Mwakani nataka kuzitoa.