Wapangaji wa Uani

Cha kwanza nilikiona Jumanne nikianua shuka:
chungu cha udongo, kidogo kuliko kifungo cha koti,
kimegandishwa kwenye shina la sale.
Kina shingo. Kina mdomo uliopinda nje.
Mama Terewaeli akachungulia juu ya ua:
"Hicho umewekewa. Usikiguse kwa mkono mtupu.
Mwaga chumvi, halafu fikiria nani anakudai."

Nikafikiria.
Ananidai muuza nyuzi wa Mbuyuni,
ananidai mwenye nyumba, miezi mitatu,
linanidai kanisa, ahadi ya bati mbili.
Hakuna kati yao anayejua kufinyanga.

Mimi fundi cherehani, hapa hapa Pasua.
Kitu nakijua kwa mshono wake, si kwa uvumi.
Nikavaa miwani ya kutungia uzi,
nikakagua mmea mmoja mmoja
kama nguo iliyorudishwa na mteja.

Kwenye waridi, majani yamekatwa duara,
ukingo safi, hakuna palipochanika.
Mwaka mzima nimewatukana konokono.
Kumbe ni nyuki, mweusi, hana mzinga wala wenzake:
anakata kipande, anakikumbatia kwa miguu,
anaingia nacho ndani ya mwanzi wa kuanikia.
Aikande akaupasua mwanzi wa zamani, uliooza,
tukakuta vikombe vya majani, kimoja ndani ya kingine,
na kila kimoja kimefunikwa.
Hakuna gauni nililowahi kulitia bitana namna ile.

Kwenye mlimau, povu lililokauka, rangi ya chai ya maziwa.
"Mayai ya vunjajungu," akasema Aikande,
miaka tisa, mdomo umejaa embe.
Mimi nililelewa kuambiwa
ukimgusa huyo utavunja vyombo vya mama.
Na hapa kapanga hatua nne kutoka kwa mfinyanzi,
na chungu hakina hata ufa.

Kwenye mkomamanga, kifuko cha vijiti
vilivyopangwa kama kuni za kuuza.
Nikakigusa. Kikatembea.
Basi yuko anayehama na nyumba yake mgongoni,
asiyeijua sauti ya dalali.

Jumamosi ndiyo nilimkuta mwenye vyungu:
nyigu, kiuno kama uzi uliosokotwa,
anatoka chini ya bomba na tonge la tope,
anazungusha, anapapasa kwa pembe, anarudi kuchota.

Kundaeli naye ni mwashi.
Nyumba yetu ya Kiboriloni ilikomea kwenye lenta;
alikwenda Mererani kutafuta hela ya bati,
huu mwaka wa tatu, na simu yake
inajibiwa na yule dada asiyechoka.
Nyigu alimaliza kabla maharage hayajaiva.

Sindano ilikuwa mkononi. Nikatoboa.
Ndani, viwavi saba wa kijani wamebanwa,
si wazima, si wafu.
Na kutoka darini, uzi mmoja, mfupi,
na mwisho wa uzi, yai.
Uzi ule sikufundishwa na mtu yeyote.

Nikajaribu kuziba kwa tope na ncha ya kidole.
Ikaonekana kazi ya mtu mwenye vidole.
Kwetu ukikosa unampelekea mtu sale, unaomba radhi.
Sale ndilo hilo hilo nimelikosea. Nikasimama tu.

"Umeshamjua?" Mama Terewaeli akauliza jioni.
"Nimemjua. Yuko peke yake. Anajenga."
Akanipa chumvi hata hivyo, nusu pakiti,
nikaiungia mchicha.

Kimebaki kimoja, kwenye mpasheni:
kitita cha pamba nyeupe, hakina mlango,
nimekiangalia asubuhi na jioni, sijui ni cha nani.
Nimekifunga uzi mwekundu ili mtu asikikate,
kama ninavyofunga nguo
ambayo mwenyewe hajaja kuichukua.