Ngazi ya Bi Eluned

Ifor alibisha hodi, mvua ya Blaenau mabegani,
akaomba ngazi. Akasema borrow palipotaka lend.
Bi Eluned, miaka thelathini ya chaki,
akamsimamisha kizingitini:
"Moja ni ya mkono unaochukua,
nyingine ya mkono unaotoa. Rudia."
Akarudia, maji yakimdondoka puani.
Ndipo akapewa ngazi.

Nami nacheka na kamusi yangu:
kwetu kuazima hutazama kuwili,
nimekuazima, umeniazima,
mtoaji na mpokeaji wanywea kata moja.
Na Kiwelisi chao, kumbe, ni vivyo hivyo:
benthyg, basi.

Januari akamzika mumewe.
Usiku wa tatu bomba la darini likapasuka kwa barafu.
Bi Eluned mlangoni kwa Ifor, tochi inatetemeka,
Kiingereza chote kimemponyoka:
"Borrow me..." akaanza,
akanyamaza.

Ifor hakusahihisha.
Alichukua spana, na koti,
na ngazi ile ile
ambayo hakuna aliyekumbuka kuirudisha.