Nani Kurwa?

Saa kumi na moja alfajiri, simu ya Sista Shemweta:
"Njoo. Kompyuta zimegombana."
Nikajitanda kanga, nikaikata Barabara ya Kumi na Mbili
kwa baiskeli, Ngamiani yote bado imelala,
taa yangu ikimulika maganda ya machungwa.

Wodini wa kwanza kaandikwa 03:12.
Kisha Mwanakombo akakimbizwa chumba cha upasuaji,
na huko wa pili kaandikwa 02:58.
Bi Mkunde, bibi yao, ananikazia macho:
"Mdogo atatokaje kabla ya mkubwa?
Na hiyo saa tatu ya usiku ni ipi?
Saa tatu mwanangu alikuwa anakula wali."
"Saa tisa, bibi. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane."
"Basi ndiyo maana imepotea."

Sikucheka. Majina yalikuwa yanangoja.

Nikakaa. Kioo cheusi,
kishale kinapepesa kama jicho la mtu aliyekesha.
Nikaandika neno moja, timedatectl,
nikagonga Enta.
Ikajibu: saa ya hapa, saa ya dunia,
kanda ya Dar es Salaam,
na katikati ya mistari, je, saa imelinganishwa?
no.
Herufi mbili.
Nimewahi kupewa hapana ndefu kuliko hiyo,
zenye mihuri na sahihi, zisizonifaa kitu.

Nyuma ya kabati, panya kautafuna waya wa mtandao.
Betri ndogo, kama sarafu, imekufa zamani.
Kwa hiyo kila umeme ukikatika saa inasimama,
ukirudi inaendelea pale pale,
haiulizi imelala muda gani.
Dakika tano Jumatatu. Kumi na moja jana. Sita leo jioni.
Jumla ishirini na mbili, na hakuna aliyeona.

Nikachomeka waya mpya. Nikasubiri. Nikauliza tena.
yes.

Ndipo nikajumlisha kwa kalamu, pembezoni mwa daftari:
wa pili, saa tisa na dakika ishirini usiku.
Nikaenda kitandani na karatasi yangu, kama karani wa mahakama.
Mwanakombo, midomo imemkauka,
hakuitazama.
"Huyu wa kushoto ndiye Kurwa," alisema.
"Nilikuwepo."

Nilirudi kwenye kompyuta
nikaandika lile neno mara ya tatu,
bila sababu.