Mshono wa Asubuhi

Saa kumi na mbili unusu pikipiki inamshusha Dzame getini,
viatu vya zamu mkononi, macho mekundu kwa taa za wodi.
Namwachia mtoto aliyelala.
Baiskeli naitoa nimeibeba, gurudumu la nyuma lina kelele.
Saa moja na robo kufuli la duka linanitaka.
Kilichobaki katikati ndicho changu:
kipande cha kitambaa, si jora.

Zamani nilingoja Jumapili.
Saa tatu mfululizo, Gede na kurudi, mwendo ule ule,
kama mtu anayetafuna muwa uliokwisha utamu.
Na mbio za Idi zilipofika nilipitwa na watu
ambao hadi leo nawajua kwa migongo.
Kisha Jumapili zenyewe zikaisha:
magauni ya harusi, sare za shule, mtoto.

Binamu yangu Famau, anayefundisha riadha sekondari, akaniambia:
"Huna muda mrefu? Basi uwe mkali.
Dakika nne uendeshe kama umefumaniwa,
tatu kama unasindikiza mgeni.
Mara nne. Halafu nenda kazini."

Barabara ya Kasuarina, mivinje ingali na giza matawini.
Ya kwanza hunidanganya, naiona nyepesi, najisifu.
Ya pili mapaja yanauliza nani alitoa ruhusa.
Ya tatu sina jina, nahesabu nguzo za stima,
mbwa wa askari wa lango anabweka mara moja kisha ananihurumia,
pumzi imepanda hadi masikioni, bahari iko pale na siisikii,
nasikia mnyororo, mnyororo, mnyororo,
nguzo moja tena, baba, moja,

na basi.

Mikono juu ya usukani kama ya mtu anayekunywa chai.
Mwanamke anafagia mbele ya geti.
Jasho linafika jichoni.
Dakika tatu ni fupi kuliko nne
kwa zaidi ya moja.

Ya nne siisimulii.

Mchana kutwa nakanyaga cherehani,
maili kwa maili, nisifike hata Barani.
Ndipo nilipoelewa, suruali ya mtu ikiwa magotini:
sindano huzama, huinuka, nguo husogea.
Asiyeacha nafasi kati ya tundu na tundu
hashoni, anachana.

Wiki kumi na moja, siku tatu kwa wiki.
Jumanne moja nilitapika penye mvinje ulioinama.
Wiki ya tano mtoto alishikwa na homa, sikutoka,
na baiskeli ikanitazama kutoka ukutani
kama mteja aliyekwisha kulipa.

Mwaka huu, mbio za Mambrui, pale kilima cha daraja la Sabaki
(kilima, wa bara wangecheka),
niliwapita wanne. Nikaziona nyuso zao.
Nikawa wa tisa.
Wa kwanza alikuwa Kaingu wa mikate,
raba zake zimefungwa kwa kamba ya katani.
Nikamwendea, bado nahema, kumuuliza hufanya mazoezi gani.
"Mazoezi?" Akatazama nyuma yake, labda namsemesha mwingine.
"Mimi hupeleka mikate."

Nikamwona: kreti mbili nyuma, alfajiri,
mbio hadi kioski cha kwanza, asimame, ahesabu sita, apokee chenji,
mbio hadi cha pili kabla chai haijachemka,
vioski kumi na saba, miaka tisa,
na hakuna binamu aliyemfundisha.

Usiku ule nilikuwa namalizia sare ya darasa la pili
kwenye cherehani ya nyumbani.
Mguu ukashika kasi wenyewe.
"Pole pole," Dzame akanong'ona, akivaa viatu vya zamu,
"utamwamsha."

Nikapunguza.
Nikahesabu tatu.