Pindo la Buluu

Waraka ulifika Jumatatu, una mhuri wa duara,
ukabandikwa ubaoni juu ya ratiba ya mitihani:
ipande saa kumi na mbili, ishuke saa kumi na mbili,
isiguse ardhi, isilale nje,
isipepee ikiwa imechakaa, imepauka, imechanika.
Nikausoma mara mbili, nikamuuliza Bugumba wa masjala:
na upepo, nao umepewa nakala?

Mimi ndiye mwenye kamba.
Mwaka wa kumi na moja huu, langoni mwa chuo,
juu ya jabali ambalo makandarasi walishindwa kulivunja
wakaamua kulichimbia mlingoti.
Ziwa liko chini yetu. Kila mchana linapanda mlima
bila kubisha hodi.

Bajeti inaleta bendera moja kwa mwaka.
Upepo unakula tatu.

Huanzia ncha ya mbali na kamba, kule kwenye buluu.
Kijani kimekumbatia mlingoti, kimetulia kama mwenye cheo;
nyeusi imepita katikati, njano imeishika huku na huku;
buluu ndiyo iliyopewa ukingo, ndiyo inayochapwa.
Uzi mmoja, halafu nyuzi, halafu ndevu.
Basi naikunja, naipakata,
nashuka nayo hadi Kirumba kwa Nyanzala fundi.
Anakata palipoliwa, anapinda, anapiga cherehani.
"Vidole viwili tu," huniambia.
Vidole viwili, na baada ya masika viwili tena.

Vipande sivitupi. Waraka unasema haitupwi,
huchomwa kwa heshima mbele ya mashahidi.
Haukusema utepe mmoja unataka mashahidi wangapi.
Nimevitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Kopo limefika robo tatu.

(Mwaka juzi wanafunzi wa uvuvi walipandisha jezi ya timu yao
mlingoti wa pili. Barua ya kujieleza nikaandikiwa mimi.
Nikajieleza: usingizi.)

Alhamisi akaja mkaguzi, Bwana Mutalemwa,
miwani kwenye paji, futi ya fundi mfukoni.
Akaitandaza mezani. Upana, sawa.
Urefu akapima, akarudia, akapima kuanzia upande wa pili.
"Hii karibu iwe mraba. Sheria ni mbili kwa tatu.
Maji yamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu la kiofisi.
Nikamletea kopo.

Akaingiza vidole polepole, kama anayekagua dagaa
asijue wamekauka au bado.
Akatoa utepe mmoja, akaunyoosha dirishani,
na nyuma yake lilikuwepo ziwa lote,
halijapindwa, halijapimwa.
Akaurudisha. Akafunika.
Kwenye fomu akaandika: Bendera ipo. Vipimo havikidhi.
Penye "Uzembe wa mtunzaji" kalamu ikakaa hewani,
kisha akageuza ukurasa.

Saa kumi na mbili nikapuliza filimbi.
Njia nzima ikasimama: muuza karanga na mizani yake,
bodaboda mguu chini, binti mwenye ndoo ya sato,
mkaguzi naye, mkoba katikati ya viatu.
Nikaishusha taratibu, upepo ukiing'ang'ania,
wenyewe ukivuta kwake, mimi kwangu,
na katika kimya kile nikausikia,
uzi mmoja, trr,
ukiondoka.

Kesho Ijumaa. Nyanzala hufungua saa tatu.